KAHAWA YA KIVULINI
Maneno kwa wakulima na walimu wa Mabira



Katika jubilei ni desturi ya watu kuhesabu: miaka mingapi imepita, nyumba ngapi zimejengwa, watoto wangapi wamefunzwa. Hesabu hizo wengine watazileta kwenu, nazo ni njema. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo lililo chini ya hesabu hizo zote, yaani mbuni. Maana hapa Mabira, na katika nchi yote ya Karagwe na Kyerwa, nyumba nyingi zilizoezekwa kwa bati, bati lake lilinunuliwa kwa kahawa; na madaftari ya watoto, na mahari ya vijana, na sadaka za mavuno, mara nyingi zimetoka katika mti huo mmoja.

Tena twasema kwa sababu liko shauri ambalo kila mwenye kibanja atapaswa kulikata katika miaka hii, apende asipende. Miti ya kivuli iliyoachwa na wazee inakatwa. Mbao zina bei, kuni zina bei, na mkaa una bei. Mwenye haja husimama chini ya mti uliopandwa na babu yake, akautazama juu mpaka chini, akaona fedha za mwezi mmoja. Na wako wasemao kwamba mibuni ikiachwa juani itazaa zaidi. Je, neno hilo ni kweli? Na kama ni kweli, je, ni kweli yote? Hayo ndiyo tutakayo kuyapima pamoja nanyi, bila hasira na bila kumcheka mtu.

Kwanza tukumbuke kahawa hii ni kitu gani kwetu. Wengi hudhani ililetwa na Wazungu. Sivyo. Speke na Grant walipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Mukama Rumanika pale Bweranyange, nchi za magharibi mwa ziwa zilikuwa zimekwisha kuizoea kahawa. Lakini wazee hawakuinywa; waliitafuna. Tunda lilichumwa kabla halijaiva, likachemshwa pamoja na majani yenye harufu njema, kisha likaanikwa hata likakauka. Nayo ndiyo amwani. Mgeni alipewa amwani kwa heshima. Na watu wawili walipofungana undugu wa damu walilitwaa tunda moja, kwa kuwa ndani yake mna buni mbili zilizolala pamoja kama pacha, kila mmoja akala buni iliyotiwa damu ya mwenzake. Basi kahawa ilikuwa ahadi kabla haijawa bidhaa.

Biashara ilikuja baadaye. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zapita ziwani, kahawa ya upande wa Bukoba ikapata njia ya kwenda pwani na ng'ambo. Mwaka 1950 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika katika Bukoba. Na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake yenyewe, kile kiitwacho KDCU. Twayataja hayo ili vijana wasidhani kwamba mti huu ulianza nao, wala wasidhani kwamba ni lazima uishe nao.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Kahawa yetu iliyo nyingi ni robusta, ambayo wataalamu waliiandika kwa jina la Coffea canephora mwaka 1897. Asili yake ni misitu ya joto ya Afrika, tangu upande wa magharibi na Kongo mpaka Uganda na kandokando ya ziwa letu. Katika misitu hiyo mbuni si mti wa juu. Hukaa chini ya miti mikubwa, ukapokea jua lililokwisha kuchujwa na majani. Jina lenyewe la Mabira lakaribiana na neno ekibira, yaani msitu. Mtu apandaye robusta chini ya mti mwingine hakubuni ustaarabu mpya. Ameurudisha mbuni nyumbani kwake.

Tena robusta ina tabia moja ambayo yafaa kila mkulima aijue. Mbuni wa arabika waweza kuzaa kwa chavua ya maua yake wenyewe. Robusta haiwezi. Ua lake huikataa chavua ya mti ule ule, likangoja chavua ya mbuni mwingine ulio tofauti nao, iletwayo na upepo, na nyuki, na wadudu wengine warukao. Kwa hiyo mahali palipokosa nyuki, maua mengi hunyauka bure. Na nyuki hukaa wapi? Hukaa penye miti, penye maua ya kila mwezi, pasiponyunyiziwa sumu. Mkulima akatapo miti yote na kuwaua wadudu wote kwa dawa, huwafukuza vibarua wasiomdai ujira.

Wazee wetu hawakusoma habari za chavua, lakini walijenga kibanja kwa akili. Kibanja ni kama nyumba yenye madari. Dari ya juu ni miti mirefu: mtoma, ambao gome lake lilifanywa nguo zamani, na omushambya, na mingine mnayoijua kuliko sisi. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni. Na chini kabisa ni maharagwe na magimbi. Kila dari ina kazi yake. Mti mrefu hupeleka mizizi yake mbali chini, ukavuta chakula ambacho mbuni hauwezi kukifikia, kisha hukiangusha juu ya nchi katika majani yake. Mgomba hutoa ndizi za chakula na majani ya kufunika udongo. Maharagwe hutia ardhini nguvu ile iitwayo naitrojeni, ambayo huitwaa hewani. Mvua ya mawe ijapo, hupiga majani ya juu kwanza. Jua la kiangazi lizidipo, udongo uliofunikwa huhifadhi unyevu, na mibuni haisinyai upesi.

Lakini wazee hawakuacha kibanja kijilishe chenyewe. Walileta samadi ya ng'ombe, na majani yaliyokatwa katika rweya, wakayatandaza shinani. Yaani rweya iliilisha migomba, na ng'ombe alikuwa daraja kati yao. Ugonjwa wa sotoka ulipoyamaliza makundi ya ng'ombe katika miaka ya 1890, daraja hilo lilivunjika katika nyumba nyingi. Hata leo, penye kibanja kilichochoka, mara nyingi utaona kwamba kimetolewa mazao miaka mingi bila kurudishiwa kitu.

Sasa tuje kwa yule asemaye kwamba juani mbuni huzaa zaidi. Twapaswa kumjibu kwa haki. Yapo aliyoyasema kweli. Katika Costa Rica, huko Amerika ya Kati, wataalamu waliipima kahawa ya arabika iliyo kivulini na iliyo juani, wakatangaza matokeo yao mwaka 2006. Waliona kwamba chini ya kivuli mavuno yalipungua. Penye 100 zilipungua kama 18. Hatutaki kulificha neno hilo. Lakini waliona na mengine. Mbuni wa juani ulizaa sana mwaka mmoja, ukachoka mwaka uliofuata. Wa kivulini ulizaa kwa kiasi kilicho karibu sawa mwaka hata mwaka. Tena kivulini matunda yalichelewa kuiva hata kufikia majuma 6, na kwa sababu ya kuchelewa huko buni zilikuwa kubwa zaidi, na kinywaji chake kilikuwa bora. Buni za juani zilikuwa na dalili za kutokomaa sawasawa, na kinywaji chake kilizidi uchungu na ukakasi.

Hiyo ilikuwa arabika, na nchi ile si nchi yetu; kwa hiyo hatusemi kwamba hesabu yake itakuwa sawa kabisa na ya Mabira. Lakini maana yake yaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kulea. Tunda lililoharakishwa na jua hujaa rangi kabla ya kujaa utamu. Subira yavuta heri, wasema Waswahili, nasi twaona heri hiyo ndani ya buni.

Kivuli chenyewe lazima kiwe na kipimo. Kivuli kizito mno ni adui: maua huwa machache, unyevu hukaa mno, na ukungu wa magonjwa hustawi. Simama kibanjani saa sita mchana. Ukiona chini vipande vya jua vimechanganyikana na kivuli kama madoa ya kanga, hapo ni pema. Ukiona giza tupu, pogoa matawi ya miti ya juu, wala usiuangushe mti. Ukiona jua tupu, panda. Na mti wa kupandwa uchaguliwe. Mkaratusi si mti wa kibanjani. Hunywa maji mengi na kuyadhoofisha mazao yaliyo karibu. Nafasi yake ni mbali, mahali pa kuni na nguzo.

Tumekwisha kusema juu ya kivuli. Sasa tuseme juu ya kilimo hai. Wako wadhanio kwamba kilimo hai maana yake ni kutotia kitu. Mtu ambaye hakutia mbolea ya dukani, wala samadi, wala majani, wala hakupogoa, hawezi kusema kwamba analima kilimo hai; ameacha kulima. Kila gunia la kahawa litokalo kibanjani huchukua sehemu ya nguvu za nchi. Mkulima wa kilimo hai amejifunga kuzirudisha nguvu hizo kwa njia ya samadi, mboji, majani, majivu na mimea ya jamii ya maharagwe, wala si kwa mbolea za chumvichumvi. Na amejifunga kuwazuia wadudu kwa kazi ya mikono, wala si kwa sumu. Ruhuka, yule mdudu mdogo mweusi atoboaye tunda la kahawa, huvuka kutoka mavuno haya mpaka mavuno yajayo ndani ya matunda makavu yaliyosahauliwa mtini na yaliyoanguka chini. Okota hayo yote, nawe umemnyima nyumba. Kazi hiyo mtoto aweza kuifanya jioni.

Hata hivyo tusidanganyane. Yako magonjwa ambayo kivuli hakiyaponyi wala mboji haiyaponyi. Mnyauko fuzari wa mibuni ulionekana katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1997, ukaangamiza mibuni mingi ya robusta. Ukungu wake huingia kwa njia ya majeraha, hasa yale ya panga na jembe. Mti ulioshikwa hauna dawa. Hung'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama, wala hauburutwi kupita katikati ya mingine. Kituo cha utafiti cha Maruku kilifanya kazi ya kutafuta miche inayostahimili, na mwaka 2011 aina mpya za robusta zilitolewa kwa wakulima, miongoni mwao Maruku 1 na Bukoba 1. Mwenye nafasi tupu kibanjani na aulizie miche hiyo. Na ndugu yake mbuni, yaani mgomba, ulipatwa na mnyauko wake, ule tuuitao unyanjano, uliofika Kagera mwaka 2006. Huo huzuiwa kwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, na kwa kupitisha panga motoni kabla ya kulitia katika mgomba mwingine. Twayasema haya katika habari ya kahawa kwa sababu mgomba ukifa, mbuni huachwa uchi.

Faida ya kilimo hai katika soko haipatikani kwa siku moja, wala kwa mtu mmoja. Kwa zao la kudumu kama kahawa, masoko ya Ulaya hudai miaka 3 ya kulima bila vitu vilivyokatazwa kabla kahawa haijaitwa hai. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni zao wenyewe mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Hati hupatikana kwa kikundi, na mkaguzi hutazama vibanja na madaftari. Mtu mmoja akinyunyiza sumu kwa siri, aweza kuharibu jina la jirani zake wote. Hapo twaona tena ile buni mbili za tunda moja: lililo langu limelala ubavuni pa lililo lako.

Sasa twafika kwenye ladha. Wanunuzi wengi husema robusta ni chungu na ni duni. Uchungu kiasi ni wake kweli, maana ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Lakini ladha ya udongo, na ladha ya ukungu, na ladha ya moshi, hizo si za mbuni. Ni za mikono. Huko Uganda, mwaka 2010, zilitungwa kanuni za kuionja robusta bora kwa sifa zake yenyewe, na waonjaji wameikuta robusta njema kuwa nzito kinywani, tamu kiasi, yenye kukumbusha kakao na karanga. Kahawa ya namna hiyo yaweza kutoka Mabira. Lakini fahamuni neno hili: ladha huumbwa mtini. Baada ya kuchumwa, kazi yetu ni kuilinda isipotee.

Huilindwa hivi. Chuma tunda jekundu peke yake, wala usikamue tawi zima kwa mkono mmoja, la kijani na jekundu na jeusi pamoja. Rudi mara ya pili na ya tatu. Anika siku ile ile, juu ya chanja au jamvi au turubai safi, wala si juu ya udongo mtupu, maana kahawa hunywa harufu ya kila kitu inachokilalia. Tandaza kwa wembamba, geuza mara nyingi kila siku, funika jioni na mvua ijapo. Usiharakishe, majuma mawili au zaidi si mengi. Ukitikisa tunda kavu ukasikia buni zikigonga ndani, umekaribia. Na kwa kipimo cha soko, katika kilo 100 za kahawa safi maji yasizidi kilo 12 au 13. Kisha weka maganda yako ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na dagaa, mbali na mafuta ya taa na sabuni.

Ndugu, haya yote yanaanguka mbele ya jambo moja, nalo twalitaja kwa uchungu: butura. Kahawa ikiwa ingali ua, mwenye shida huiuza kwa mwenye fedha kwa bei ndogo, akapata sare ya mtoto au dawa ya mgonjwa. Hatumlaumu mwenye shida. Lakini tazameni matunda yake. Kahawa ambayo si yako tena, nani atairudia mara tatu kuchuma nyekundu tu? Nani ataifunika usiku mvua ikinyesha? Butura huondoa fedha mfukoni, na zaidi ya hayo huondoa moyo katika kazi. Na penye kazi bila moyo, ladha hufa. Vivyo hivyo magendo ya kuvuka mpaka usiku: kahawa huenda bila jina, ikachanganywa na nyingine, na sifa ya Mabira hupotea njiani. Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika, ilikusudia kuvunja butura. Lakini amri peke yake haimlishi mtu mwezi wa njaa. Dawa iliyo karibu nasi ni kusaidiana: vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ili mtu akipatwa na shida kabla ya mavuno apate mlango wa kubisha ulio mwingine. Kikundi kikiweka akiba kidogo kila juma, haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho chaweza kuokoa kibanja kizima.

Nanyi walimu, kwenu twaleta ombi. Watoto hujifunza kahawa kama adhabu: kupalilia, kuokota, kubeba. Wafundisheni kama elimu. Wapimeni kivuli saa sita mchana. Wahesabuni nyuki katika ua la mbuni wakati wa maua. Waanikeni debe moja juu ya udongo na debe moja juu ya chanja, kisha wakaange yote mawili, wayanuse na kuyaonja. Mtoto aliyeonja tofauti hiyo hahitaji hotuba yetu. Naye atakwenda nyumbani amwambie baba yake, na baba husikia kwa mtoto wake neno ambalo hakulisikia kwa mgeni.

Basi shauri lile tulilolitaja mwanzo, la kukata mti au kuuacha, hatutalikata kwa niaba yenu. Kibanja ni chenu, na shida zenu mnazijua. Twawaomba tu mweke katika mizani kila kilichomo: upande mmoja mavuno makubwa ya mwaka mmoja na bei ya mbao, upande wa pili mavuno ya wastani ya miaka mingi, udongo uliofunikwa, nyuki, ndizi, na kahawa ambayo mnywaji aliye mbali ataiuliza kwa jina. Na kama ni lazima mti mmoja ukatwe, basi na ipandwe miwili kabla shoka halijainuliwa. Waswahili husema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi tulio wakulima wa Mabira tulikula kivulini tangu zamani, kwa sababu wazee walikubali kupanda miti ambayo wao wenyewe hawakukaa chini yake. Watakaoiadhimisha jubilei ijayo ni watoto hawa waliokaa mbele yetu leo. Na wakute kivuli.